Hawakuniambia Ng'ombe Amekufa

Desemba 2016, nilipofika nyumbani Old Moshi baada ya miaka minne, nilimsalimia Mama, nikaweka mabegi barazani, nikaenda zizini kabla hata ya kunawa mikono. Nilikuwa na ng'ombe. Nilimnunua mwaka 2014 kwa hela nilizobana kwenye posho ya uanafunzi, chotara wa Friesian, mweusi mwenye mabaka meupe tumboni, na tangu aingie zizini sikuwahi kupiga simu nyumbani bila kumuulizia. Hajambo? Hajambo. Anatoa lita ngapi? Saba, siku nyingine nane. Amepandishwa? Bado, tunamsubiri mtaalamu.

Nilikuta kuni. Zimepangwa vizuri mpaka karibu na paa, na juu yake kuku amelalia mayai. Kwenye hori hakukuwa na hata jani moja la mgomba. Mdogo wangu alikuwa amenifuata, akasimama mlangoni akichezea ufunguo wa pikipiki, haingii wala haondoki.

"Yuko wapi?"

"Dada, njoo kwanza unywe chai."

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Alikufa."

"Lini?"

Akaangalia chini. "Mwaka jana. Mwezi wa tatu."

Nikahesabu. Mwaka mmoja na miezi tisa. Muda wote huo nilikuwa natuma hela ya pumba na ya dawa ya kupe kwa ajili ya ng'ombe ambaye hayupo. Kwenye simu nilikuwa na picha yake niliyotumiwa mwezi wa sita mwaka huo huo, na nakumbuka nilipoipokea nilijiuliza ile alama nyeupe ya kwenye paji la uso ameitoa wapi. Kumbe ni ng'ombe wa jirani.

Vijana wa kwetu wanaotaka kuondoka huniuliza kama huko nje mtu hupakumbuka nyumbani. Nikianza kuwajibu najikuta nawapeleka zizini. Miaka minne nilidhani naijua hamu hiyo vizuri, nilidhani ni ya mlima na mtori. Zile kuni ndizo zilizonionyesha kuwa sikuijua.

Niliondoka Septemba 2012, nikiwa na miaka 22. Kwetu ni upande wa Kidia, na sisi ni Walutheri wa siku nyingi, kwa hiyo jina la Leipzig nilikuwa nalo tangu mafundisho ya kipaimara. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa na misheni ya mji huo, na Bruno Gutmann, aliyeanza kazi Old Moshi mwaka 1910, wazee wa kwetu bado humtaja kana kwamba alihama juzi. Kichwani mwangu Leipzig ilikuwa mji wa aina ya Antiokia, mji wa kwenye nyaraka. Nilishangaa kukuta una tremu, na kwamba wengi wa wenyeji hawana habari na kanisa kabisa.

Nilikwenda kujitolea mwaka mmoja, nikajifunza lugha, nikapata nafasi ya kusomea uuguzi wa wazee, miaka mitatu. Ndiyo ikawa nimebaki.

Pale KIA, uwanja wa ndege, sikulia. Waliolia ni shangazi zangu. Mimi nilikuwa na haraka. Hata wiki za mwanzo sikuona shida, ugeni una utamu wake. Hamu ilinijia mwezi wa kumi na moja, tena kwa mlango nisioutazamia. Ilianzia kwenye saa.

Mswahili anahesabu saa kwa jua. Saa moja asubuhi ni saa ya kwanza ya mwanga, saa moja jioni ni ya kwanza ya giza, na kwetu karibu na ikweta jua halina ubishi. Mwaka mzima kuchomoza na kuzama kwake hupishana kwa nusu saa hivi. Leipzig mwezi wa kumi na mbili jua linachomoza saa mbili asubuhi, na saa kumi jioni limekwishazama. Mwezi wa sita linakaa mpaka karibu saa tatu na nusu usiku, watu wanakula aiskrimu nje na wewe umeshafunga mapazia kwa kujilazimisha kulala. Saa yangu ikawa haina pa kushika. Nikisema "saa kumi na mbili jioni" nasema nini, kama giza limeshakaa saa mbili nzima?

Kuna siku niliandikiwa miadi na ofisi moja, saa mbili asubuhi. Wao wakasema nane, nami nikaandika 8 kwenye daftari. Usiku nikalisoma daftari langu kwa Kiswahili. Nikafika saa nane mchana, nimevaa vizuri, nina bahasha. Yule mama wa mapokezi alinieleza polepole kama anayemwelekeza mtoto dukani. Njiani nilicheka. Nilipofika chumbani nikalia mpaka nikapitiwa na usingizi, na sikuwa nalilia miadi.

Halafu mlima. Mtu wa Moshi hajui kuwa anautumia mlima mpaka aukose. Ukimwuliza njia atakwambia panda, shuka, upande wa juu, upande wa chini; kaskazini hana haja nayo. Asubuhi ukitoka nje unatupa jicho: leo uko wazi, leo umejifunika. Leipzig imelala kama sinia. Nilikuwa nashuka kwenye tremu sijui niko upande gani wa dunia. Mwenzangu wa darasani akanionyesha Fockeberg, kilima kilichopo kusini mwa mji, na baadaye nikaja kujua kwamba hicho si kilima cha Mungu, ni vifusi vya nyumba zilizobomolewa na mabomu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vikarundikwa pale. Nilikuwa nakipanda Jumapili baada ya ibada. Unatembea kidogo tu umefika kileleni. Usinicheke. Miguu yangu ilikuwa na njaa ya kupanda.

Chakula nitakisema kwa kifupi, maana kila mtu aliye ughaibuni anasimulia chakula. Kwenye maduka ya Eisenbahnstraße, mtaa uliojaa wahamiaji, ndizi za kupika zipo, ila si mshare. Nilipika mtori kwa zile ndizi kubwa za kukaanga, ukatoka mtamu mtamu kama uji wa mtoto. Niliumwaga. Kahawa ndiyo iliyonichoma zaidi: pakiti ina picha ya mlima wetu, na marehemu Baba, aliyelima kahawa maisha yake yote na kuipeleka chama cha msingi, alikuwa mnywaji wa chai.

Wajerumani hali hii wanaiita Heimweh, yaani uchungu wa nyumbani. Mwalimu wetu chuoni alitusimulia kwamba mwaka 1688, kule Basel, Uswisi, daktari kijana aitwaye Johannes Hofer aliiandikia tasnifu kama ugonjwa kamili, akautungia jina la nostalgia kwa maneno ya Kigiriki, na dawa aliyoitegemea ilikuwa kumrudisha mgonjwa kwao. Sisi tunasema tu "nimepakumbuka nyumbani", kana kwamba ulikuwa umepasahau. Zamani niliona Kiswahili kimelitua jambo zito kwa neno jepesi. Siku hizi naona kimepatia. Nilipakumbuka kweli, nilichokuwa nacho mkononi kilikuwa kumbukumbu tu. Hata ng'ombe niliyekuwa namuulizia kila wiki alikuwa wa kumbukumbu.

Nije kwenye simu.

Angalia jinsi tunavyosalimiana. Habari za nyumbani? Nzuri. Wazee? Hawajambo. Watoto? Wazima. Hata kama ndani kuna mgonjwa mahututi, kwanza utajibiwa nzuri, maana hilo ni jibu la mlangoni. Ukishakaa, ukaletewa maji, mkanyamaza kidogo, ndipo mwenyeji anashusha pumzi na kusema, "Nzuri, ila..." Habari yenyewe iko nyuma ya hiyo ila. Sasa kwa simu ya ng'ambo hakuna kukaa. Salio linakwenda, mtandao unakatika, Mama kapanda mpaka kwenye kigongo ambako simu inashika vizuri, upepo unavuma sikioni. Tunasalimiana, naulizia ng'ombe, tunaombeana, tunaagana. Miaka minne nilikuwa nasimama mlangoni kwetu naitikiwa "nzuri", sijakaribishwa ndani hata siku moja.

Na mimi ndivyo nilivyokuwa nawafanyia. Mtihani wa lugha nilishindwa mara ya kwanza, sikusema. Baridi ya pili ilinilaza wiki tatu, mapafu, nikawaambia nina mafua. Kazi yangu niliita "ya hospitali", kwa sababu sikujua nitamwambiaje Mama kwamba binti yake aliyesomeshwa kwa kahawa anawaosha na kuwabadilisha nguo wazee wasio wake. Nilikuwa natuma picha zilizopigwa kwenye theluji, nimetabasamu. Mama anajibu kupitia simu ya mdogo wangu: umependeza. Nami naridhika.

Mwaka wa mwisho wa masomo nilipangiwa nyumba moja ya wazee, na huko kulikuwa na bibi wa karibu miaka 80 ambaye kumbukumbu zilikuwa zinamtoka. Kila siku giza likianza kuingia alivaa koti, akachukua mkoba usio na kitu, akasimama mlangoni. "Nataka kwenda nyumbani." Mwanzoni nilimjibu: Bibi, hapa ndipo nyumbani kwako. Akanitazama kama anayemtazama mwizi. Kiongozi wa zamu akanifundisha: usibishane naye, wala usimdanganye kwamba gari linakuja. Mwulize nyumbani kukoje.

Nikamwuliza. Kuna jiko la vigae vya kijani, akasema, na mti wa mapeasi uani, na baba bado hajarudi. Kwao kulikuwa Breslau. Januari 1945, jeshi la Kisovieti likikaribia, wanawake na watoto waliamriwa watoke mjini, wengi kwa miguu, kwenye baridi kali. Yeye alikuwa mtoto wa miaka minane. Vita vilipokwisha mji ukawa wa Poland, ukaitwa Wrocław, na Wajerumani waliokuwa wamebaki wakaondolewa. Binti yake, aliyekuwa akija kila Jumatano, aliniambia hakuwahi kumsikia mama yake akizungumzia mji huo. Leipzig ilikuwa Ujerumani Mashariki, na katika nchi ile makwao yaliyopotea hayakuwa mazungumzo ya hadharani. Watu kama yeye waliitwa waliohamishiwa makazi, basi, yakaisha. Kwa hiyo bibi huyu alikaa miaka sitini akijibu "nzuri". Akili ilipoanza kuchoka ndipo ila yake ikatoka, kila jioni, ikiwa imevaa koti.

Nilikuwa namshika mkono tunazunguka bustani mpaka atulie. Siku moja katikati ya matembezi akanigeukia: "Na wewe, kwenu kukoje?" Nikaanza. Kuna mlima, kuna migomba, kuna mfongo, mfereji wa maji unaopita nyuma ya nyumba, kuna ng'ombe wangu. Akauliza ng'ombe anaitwa nani. Nikakwama. Nilikuwa najua lita zake, sijui jina lake. Jumapili iliyofuata nikamwuliza mdogo wangu. Akakaa kimya kidogo, nikadhani ni mtandao. Kisha akasema, "Furaha." Jumatatu nikampelekea bibi jibu, akafurahi kweli, ingawa kufikia Jumanne alikuwa amesahau.

Turudi Old Moshi, jikoni kwa Mama, chai imepoa.

Mdogo wangu akaeleza. Ilikuwa ndigana kali. Kiangazi kilibana, wakanunua majani yaliyokatwa kule tambarare, yakaja na kupe. Tezi zikavimba shingoni, homa, akaacha kula. Mganga wa mifugo alichelewa kuitwa. Walimfukia chini ya parachichi.

"Na hamkuniambia."

Mama akasema, "Ungefanya nini, mwanangu? Ungepanda ndege uje kumzika ng'ombe?"

"Na hela ya pumba?"

Kimya. Mdogo wangu akaangalia jiko. Mama akanisogelea, akanishika kidevu kama alivyokuwa akifanya nikiwa mdogo, akanigeuza kuelekea mwanga wa dirishani, akasema, "Umekonda hapa, chini ya macho." Ndipo nikaelewa kwamba ananiona, na kwamba kuna wakati alikuwa haoni. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Alikuwa ameanza kugonga milango na kumwaga maharage pembeni ya sufuria. Jicho la kulia walimfanyia upasuaji hospitali ya KCMC mwishoni mwa 2015, la kushoto miezi michache baadaye. Hela ya pumba ndiyo iliyolipa. Zile picha zangu za theluji alikuwa anasomewa: huyu hapa, amevaa koti jekundu, anacheka. Naye anasema, mwambie amependeza.

Nilikasirika kuliko ilivyostahili. Hela hata sikuifikiria. Kama wangeniambia ni ya macho ningetuma mara tatu. Kilichonichoma ni kwamba kila wiki niliulizia maziwa, na macho ya mama yangu yakafungwa na kufunguliwa bila mimi kuwemo. Nilimwambia mdogo wangu maneno ambayo siyaandiki hapa. Alinisikiliza yote. Halafu akasema, "Dada, wewe ukipiga simu tunasikia umechoka. Tukikwambia ng'ombe amekufa utalia peke yako huko. Nani atakushika?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu ndicho hasa nilichokuwa nimewafanyia kuhusu mapafu yangu.

Usiku ule, nje watu wamejaa barabarani kama ilivyo kila Desemba, kila Mchagga wa Dar na Mwanza karudi, muziki unatoka kwenye kilabu cha mbege, sisi watatu tulikaa jikoni nikatoa yangu. Mtihani. Mapafu. Kazi yenyewe. Hapo kwenye kazi Mama alinikatiza. "Hao wazee hawana watoto?" Wanao, nikasema. Akashika mdomo. Hapa niseme neno: watu wa kwetu wakisikia nyumba ya wazee hudhani ni jalala la wazazi. Mimi nimeona binti anayetoka kazini na kuja kumlisha mama yake kila Jumatano kwa miaka, na kwetu nimeona mama aliyeachiwa msichana wa kazi wa miaka kumi na nne, watoto wanakuja na gari Desemba, ndafu anachinjwa, Januari kimya. Sitaki kumhukumu mtu. Ila Mama alipomaliza kushangaa aliniuliza swali ambalo sikulitarajia: "Unawaosha kwa maji ya moto?" Ya vuguvugu, nikamwambia. "Basi sawa," akasema.

Kabla sijaondoka tulipatana na mdogo wangu. Simu ya Jumapili, baada ya salamu, kwanza mabaya. Yeye anataja yake, mimi nataja yangu, ndipo mengine. Nilimwambia wazi: mkinificha mnanifanya mgeni.

Miezi ya mwanzo ilikuwa taabu. Anapiga, anasema hakuna baya, namwambia fikiri vizuri, anasema labda bati la jikoni linavuja. Mimi nasema labda nimegombana na mtu wa zamu. Tunacheka kwa aibu kama watoto wanaoungama kuiba sukari. Februari 2017 ikaja ya kweli: jirani ameng'oa masale ya mpakani akayapanda hatua mbili ndani ya kihamba chetu, shamba la ukoo. Asiyekuwa Mchagga ajue kwamba isale si ua la pambo. Ni mpaka, ni alama ya kaburi, na ndilo jani analopelekewa mtu unayemwomba msamaha. Kung'oa isale ni matusi. Tuliongea saa nzima, mimi nikiwa kwenye chumba cha kufulia nguo cha jengo letu, nikapendekeza aitwe mzee fulani wa ukoo wao badala ya kukimbilia kwa mwenyekiti. Jirani akaja mwenyewe, na jani mkononi. Usiku huo nililala usingizi ambao sikuwa nimeupata tangu 2012, na sababu yake naijua: mtu wa nyumbani alikuwa na shida, akaniambia, nikahangaika naye.

Hamu haijaondoka. Novemba ikija bado saa inanichanganya, bado nakipanda kile kilima cha vifusi. Lakini ule ukiwa wa mwanzo, wa kujiona umekatwa kama tawi, sijauona tena. Siku hizi nikilia nalilia kitu ninachokijua: presha ya Mama imepanda na namba zake ninazo, au mdogo wangu amekosa ada ya mtoto. Nikitembelewa na Watanzania wapya wanaosema nyumbani wote wazima, wanashukuru Mungu, namwangalia mtu usoni kisha namwuliza ni lini mara ya mwisho walimpa habari mbaya. Wengine huudhika. Dada mmoja wa Arusha, anayefanya kazi jikoni hotelini, alinyamaza, akaondoka mapema, usiku akanitumia ujumbe: baba yake alikuwa amelazwa wiki mbili na hajui.

Kuna mambo ambayo simu ya ukweli haiyatatui. Kwa mila zetu kihamba huenda kwa watoto wa kiume, na nyumba ya mama ni ya kitinda mimba. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa, lakini sheria iko kwenye kitabu na migomba iko kwa wazee wa ukoo. Kwa hiyo kwa miaka mingi nimepalilia hamu ya ardhi ambayo kimila si yangu. Mdogo wangu alipotaka kuoa, aliweka jambo hilo kwenye mabaya: wazee wanakaa kugawa, je, wewe unataka wapi? Nilimwambia nataka pale chini, kwenye parachichi. Akacheka: "Pa ng'ombe?" Hapo hapo. Akalisimamia, kwa kelele kidogo, nikapewa.

Ndiyo maana sijachukua uraia wa Ujerumani, ingawa tangu Juni 2024 wao wanakubali ubaki na wa kwenu. Tanzania haikubali mtu mzima kuwa na uraia wa nchi nyingine, na kwa kawaida asiye raia hamiliki ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Kupanga foleni ya kibali cha kuishi ni bora kuliko kuitwa mwekezaji kwenye parachichi langu.

Na kwetu mtu anazikwa kihambani. Mtu wa Old Moshi analibeba jambo hili kwa namna ya pekee. Mangi Meli, mtawala wa kwetu, alinyongwa na Wajerumani tarehe 2 Machi 1900, hapo hapo kwetu, pamoja na wenzake, na masimulizi ya ukoo wake ni kwamba kichwa kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Wajukuu wamekidai kwa miaka mingi. Niliwasimulia wenzangu kazini wakati wa kahawa, hakuna aliyejua. Mmoja aliniuliza kwa sauti ndogo kwa nini sikuwahi kulitaja. Nikamjibu kwamba hakuwahi kuniuliza kwetu kukoje.

Bibi wa Breslau alifariki mwaka 2018. Nilikuwa zamu.

Mwaka huo huo mdogo wangu alinunua ng'ombe mwingine, kwa hela yake, nami nikaongezea kidogo. Lile jina alilolitunga siku ile kwenye simu, akiwa amesimama kando ya zizi lililojaa kuni, ndilo alilompa. Ana picha nyingi, na nimezihakiki: paji la uso ni jeusi tupu. Juzi Jumapili alipiga saa kumi jioni ya kwao, saa nane ya kwetu huku. Nikaanza mimi na yangu: goti, na barua ya mwenye nyumba ya kupandisha kodi.

"Haya, na wewe. Mabaya."

"Upepo umelaza migomba kumi na mmoja, upande wa mfongo. Mama amegoma tena vidonge, anasema vinamkojoza usiku kucha. Na Furaha amezaa."

"Sasa kuzaa mbona umekuweka kwenye mabaya?"

"Dume, dada."